Yule Sangara Hakuwa Zawadi

Editha mwanangu,

Umetoka sasa hivi kwenda kusukwa kwa Mama Sofia, na Mama Sofia hajawahi kumaliza kichwa cha mtu kabla ya masaa manne kupita, maana mdomo wake unafanya kazi kuliko vidole. Kwa hiyo ninayo nafasi. Baba yako yuko uani anafunga begi lako kwa kamba, hii ni mara ya tatu. Kila akimaliza anaona fundo halijamridhisha, anafungua tena. Mwache. Ndivyo anavyokuaga.

Barua hii nitaichomeka ndani ya daftari lako la kompyuta. Isome kesho basi likishavuka Sirari. Habari za hati ya kuvukia mpaka, za kutosinzia pale Nairobi mtakaposimama, za shangazi yako atakayekupokea Arusha, hizo tumezisema mpaka ukaniambia "Mama, nimesikia" kwa ile sauti yako. Sizirudii. Nataka kukueleza mambo ambayo sijawahi kukueleza, na mengi yake ni makosa yangu.

Juzi ilipofika ile barua ya ajira uliisoma umesimama, halafu ukakaa. Ukasema, "Mama, elfu sabini? Na cheo chenyewe msaidizi?" Ukaniambia mwenzako mliyesoma naye amekataa kazi ya namna hiyo, anasubiri ya laki mbili. Sikukujibu siku ile, nikajifanya nageuza ugali. Sikukujibu kwa sababu swali lako niliwahi kuliuliza mimi mwenyewe, na jibu lake lilinigharimu miaka.

Ulikuwa darasa la kwanza. Mimi nilikuwa mpiga taipu kwenye shirika la umma pale mjini, na wewe ulikuwa unajisifu shuleni kwamba mama yako anavaa viatu vya kisigino. Nilikuwa hodari, Editha, na ninasema bila aibu. Barua ya mkurugenzi haikupita mkononi mwa mtu mwingine. Nilikuwa napiga taipu huku naongea na mtu, na sikosei.

Siku moja zikaletwa kompyuta mbili kwenye masanduku makubwa. Afisa utawala akatukusanya akasema, "Nataka watu wanne. Watabaki masaa mawili kila siku baada ya kazi, kwa miezi mitatu, wafundishwe hizi mashine."

Mimi nikawa wa kwanza kufungua mdomo. "Posho ni kiasi gani?"

"Hakuna posho, Bertha. Ni kujifunza."

"Na tukishajifunza mshahara unapanda?"

"Hiyo siwezi kukuahidi."

"Basi wapeleke wasio na watoto wa kupikia."

Watu walicheka, na mimi nikafurahi walivyocheka. Sikupata kitu kingine siku ile zaidi ya hicho kicheko. Aliyekwenda ni Veronika, msichana wa Sengerema, aliyekuwa anapiga taipu kwa vidole viwili kama mtu anayeponda karanga. Nilikuwa nikipita jioni namwona ameinamia ile mashine, jasho linamtoka, namwambia, "Veronika, wamekupa hata soda?" Anatabasamu tu.

Halafu ukaja wakati wa kupunguza watu. Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka tu kwamba mama alianza kukaa nyumbani. Majina yalibandikwa ubaoni, karatasi mbili. Langu lilikuwa karatasi ya kwanza. La Veronika halikuwepo. Na shirika lilipokufa kabisa, benki moja ya Dar ikamchukua.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata padri nilichelewa kumwambia. Nilieneza maneno. Nilisema Veronika amebaki kazini kwa sababu bosi anampenda, na kwamba hata hiyo benki kapelekwa na bosi. Nilimwambia mtu mmoja tu, sokoni, nikijua vizuri kwamba yule mtu hatamwambia mtu mmoja tu. Nilikuwa najua ni uongo. Lakini ukweli ulikuwa unaniuma: kwamba mimi niliuliza posho ya siku ile, na mwenzangu aliuliza mashine inafanyaje kazi.

Nilikaa mwaka na nusu bila kazi. Nikauza maandazi, wewe ulikuwa unayaita "maandazi ya ofisini" kwa sababu nilikuwa nayafunga kwenye karatasi zangu za zamani. Ndipo kikafunguliwa kile kiwanda cha minofu ya samaki huku ufukweni, wakahitaji mpiga taipu, nikaingia. Mshahara wa mpiga taipu. Niliushika kwa mikono miwili, sikuuliza swali hata moja. Niliwahi kuuliza vibaya, sasa nikaogopa kuuliza kabisa. Hilo lilikuwa kosa la pili, na lilikaa muda mrefu kuliko la kwanza.

Kiwandani kulikuwa na kompyuta moja, baadaye zikawa tatu. Samaki wakienda Ulaya wanakwenda na makaratasi mengi kuliko barafu: hati ya afya, orodha ya maboksi, barua ya forodha. Mashine ikigoma, ndege inasubiri uwanjani na minofu inasubiri kwenye gari. Na mashine zilikuwa zinagoma hasa kwa sababu ya wale vidudu wa ziwani. Unawajua, wakija wanatoka majini kama moshi wa mtu anayechoma shamba. Taa ya ofisi inawaita, na feni iliyo ndani ya kompyuta inawavuta. Wanajazana humo mpaka feni inashindwa kuzunguka, mashine inapata joto, inazima.

Ikizima, anaitwa fundi kutoka Nairobi. Anakuja na ndege, analala hoteli nzuri, asubuhi anafungua mashine, anatoa vidudu kwa brashi, anafuta kwa spiriti, anafunga. Anakula samaki, anaondoka. Mara ya kwanza nilimtazama kwa mbali. Mara ya pili nilimshikia tochi. Mara ya tatu nikamuuliza, "Fundi, na hii hapa ni nini?" Alikuwa mtu mwema, hakunificha chochote. Akacheka akasema, "Mama, hata mimi nilianza kwa kubebea watu nyaya."

Mara ya nne hakuitwa. Mashine ilizima mchana, nikafunga mlango, nikaifungua kwa bisibisi ya cherehani na brashi ya baba yako ya kupakia rangi madirisha. Niliomba Mungu kuliko siku niliyokuzaa. Ilipowaka na kupiga ule mlio wake mmoja mfupi, nilikaa chini sakafuni nikacheka peke yangu.

Tangu hapo nikaitwa Mama Kompyuta. "Mama Kompyuta, mashine ya kuchapia inatafuna karatasi." "Mama Kompyuta, diski haisomi." Nikawa nakwenda. Barua za kupiga taipu bado zilikuwa zangu, na mashine tatu nazo zikawa zangu. Jina jipya, mshahara ule ule. Miaka mitatu, Editha. Nilikuwa nangoja waone. Nilidhani kazi nzuri inajisemea yenyewe. Kazi haina mdomo, mwanangu.

Mwishowe nikaenda kwa meneja, Bwana Kaijage. Unamjua, yule Mhaya mrefu mwenye Kiingereza kingi. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha nini cha kusema, na nilipokaa mbele yake nikasema yote yasiyotakiwa. Nikasema ada ya Editha. Nikasema kodi ya nyumba imepanda, mshahara wa baba yako wa ualimu unachelewa, mama yangu anaumwa huko Majita. Nikatoa machozi. Bwana Kaijage si mtu mbaya. Alisikiliza, akanipa leso yake, akasema, "Pole sana, Mama Editha. Maisha ni magumu kwetu sote." Halafu akapiga simu chini akasema, "Mpeni Mama Editha samaki mmoja mkubwa."

Unamkumbuka yule sangara? Unamkumbuka, maana mpaka leo unamtaja. Nilikuja naye nimembeba kwenye mfuko wa nailoni, mkia unaburuza. Ulikimbia mpaka barabarani unapiga kelele, "Mama kapewa zawadi kazini!" Ukawaita watoto wa jirani. Baba yako akamkata, tukagawa vipande nyumba tano, tukala mpaka kesho yake. Wewe uliimba.

Hakuwa zawadi. Nilikwenda kuomba haki yangu nikiwa nimeishika kama bakuli la kuombea, na mtu mwema akanitilia samaki humo. Baba yako alijua. Alinitazama wakati anapaa magamba, akanipa kipande cha kichwa.

Mwezi uliofuata tulikwenda harusini Sengerema, harusi ya binamu wa baba yako. Pale Kamanga, kwenye kivuko, namwona mwanamke amevaa vizuri, ameshika kikapu, anakuja moja kwa moja kwangu. Veronika! Alikuwa likizo, anakwenda kwa wazazi wake. Nikatamani kujitupa majini.

"Bertha! Habari za siku nyingi!"

"Nzuri," nikasema. Halafu sijui nini kilinipata, nikasema papo hapo, "Veronika, yale maneno yaliyosemwa juu yako na bosi, niliyaanzisha mimi."

Aliweka kikapu chini. "Najua. Mwanza hii ni ndogo, Bertha. Nilijua wiki ile ile."

"Na bado unanisalimia?"

"Nilikuwa na kazi nyingi ya kujifunza, sikupata nafasi ya kukuchukia. Kaa hapa, niambie unafanya nini siku hizi."

Nikamweleza yote mpaka kwenye sangara. Kwa yule sangara alicheka mpaka wenye baiskeli wakageuka, na mimi nikajikuta nacheka naye. Halafu akawa mkali. Akaniambia kwamba alipofika benki, mwaka wa kwanza, dereva alikuwa anamzidi mshahara. Kazi yake ilikuwa kubadilisha karatasi kwenye mashine za kuchapia na kukimbilia kila anayeita. "Lakini kabla sijakubali," akasema, "niliwauliza: aliyekaa kwenye nafasi hii kabla yangu yuko wapi sasa? Wakaniambia ni yule pale, ndiye mkuu wa kitengo. Nikasaini. Wangeniambia ameacha, na wa kabla yake naye ameacha, ningerudi Mwanza kuuza dagaa."

Kisha akaniuliza, "Wewe Kaijage umemwambia umetengeneza mashine mara ngapi?"

"Anajua."

"Hajui. Ulimwambia mama yako anaumwa. Nenda kaandike kila kitu. Tarehe, mashine ipi, ilikuwa na nini, ulifanya nini. Usimpelekee shida zako, mpelekee kazi. Taja mshahara unaoutaka, halafu funga mdomo. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa. Wakishataja wanaanza kujipunguzia wenyewe."

Kivuko kilipofika ng'ambo nilimsaidia kubeba kikapu.

Niliandika miezi mitano. Siku ya kwenda sikukuambia, sikumwambia hata baba yako. Nilivaa vile viatu vya kisigino vya zamani, vilikuwa vinanibana.

"Karibu, Mama Editha," akasema Bwana Kaijage. "Kuna shida?" Nikaona mkono wake unaisogelea simu.

"Leo sina shida, Bwana Kaijage. Nimekuletea kazi yangu uitazame." Nikaweka daftari mezani.

Akaanza kusoma harakaharaka, halafu akapunguza mwendo. Akarudi nyuma ukurasa. "Hii ya ndege, siku ile mzigo wote ulikuwa umeshafika uwanjani. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Mimi nilidhani fundi wa Nairobi alikuja."

"Fundi wa Nairobi mara ya mwisho alikuja miaka mitatu na zaidi iliyopita."

Akaliweka daftari chini. Akavua miwani. "Unataka nini?"

Nikasema nataka kazi ya kompyuta iwe ndiyo kazi yangu, kwa barua, na cheo chake. Nikasema nataka nipelekwe Dar kwa mafunzo, walipe wao. Nikataja mshahara, mara mbili ya ule niliokuwa napata na kidogo juu. Halafu nikafunga mdomo.

Editha, sijawahi kusikia kimya cha namna ile. Nje mashine ya barafu ilikuwa inanguruma. Maneno yalikuwa yananijia mdomoni, "lakini hata nusu yake, baba, si mbaya," nikayameza kama mwiba wa samaki.

"Ni nyingi hiyo," akasema.

Nikanyamaza.

"Na kupiga taipu atapiga nani?"

"Ajiri mtu. Nitamfundisha mimi."

Halafu akacheka, akasema kwa Kiingereza maneno ambayo sikuyashika yote, na kwa Kiswahili akasema, "Mama Editha, kwa nini miaka yote hii hukuniambia?"

Sikupata chote. Nilipata cheo, nilipata mafunzo, na mshahara niliutaja juu akaushusha kidogo, ukaishia mahali ambapo nilikuwa radhi paishie. Siku ile nilikuja na kreti nzima ya soda, ukaniuliza, "Mama, leo kuna nini?" nikakuambia, "Kunywa." Leo ndiyo nakuambia ilikuwa nini. Na fedha za mshahara ule ndizo zilizokuja kukulipia kozi ya kompyuta pale mjini, ulipomaliza kidato cha nne ukasema unataka kujua ninachokijua.

Usidhani baada ya hapo sikukosea. Mwaka uliofuata nilikwenda kwa hasira, kwa sababu nilisikia mhasibu mpya ananizidi. Nikaanza na jina la mhasibu badala ya kazi yangu. Nilitoka mikono mitupu, na mhasibu akaninunia mwaka mzima. Na yule mpiga taipu mpya, nilikuwa nimeahidi nitamfundisha. Mwanzoni nilimfundisha nusu nusu, nikificha mengine ili waendelee kuniita mimi. Nikaumwa malaria wiki mbili, kila siku gari la kiwanda linakuja kugonga hapa Buzuruga. Aliyeficha ujuzi hana likizo. Nilipopona nilimfundisha chote, na ndipo nilipopata muda wa kujifunza kuunganisha zile mashine zote kwa waya, kazi iliyonipandisha tena.

Huko Arusha watakuita mara ishirini kwa siku. Mtu atasema kompyuta imekufa, utakwenda utakuta hajachomeka waya. Usimcheke. Chomeka, mwonyeshe, ondoka. Utamkuta pia mwanamke wa makamo aliyezoea taipureta, anayesema mashine hizi ni za watoto na hana muda nazo. Huyo kaa naye. Huyo ni mimi kabla sijaumia. Msaidizi ni cheo kidogo, ndiyo, lakini msaidizi anaingia kila chumba, anamjua kila mtu, na anaona kila kinachoharibika. Ukiona mwaka wa pili hujui kitu ambacho hukukijua mwaka wa kwanza, anza kutazama kwingine, hata kama mshahara ni mzuri. Na ukijifunza kila mwezi, vumilia ule mdogo, lakini usiuvumilie kimya kama nilivyofanya mimi.

Haya nilikuwa nimepanga kukuambia yote Jumatano, kabla hujapiga simu Arusha kuwajibu. Nilikuja nawe mpaka kwenye kibanda cha simu pale posta, nimekununulia kadi, nimejiandaa na hotuba. Ukaniambia, "Mama, nisubiri nje." Nikasimama kwenye foleni ya watu, mlango ukiwa nusu wazi, na nikasikia kila neno.

Ulimwamkia vizuri. "Shikamoo mzee. Nimepata barua yenu, nashukuru sana." Halafu ukauliza jambo ambalo mimi sikuwahi kulifikiria, wala Veronika. "Samahani, mna kompyuta ngapi hapo ofisini?" Ukasikiliza. "Ishirini na nne. Na mafundi ni wangapi?" Ukasikiliza tena. "Mmoja, na mimi nitakuwa wa pili. Kwa hiyo nitakuwa na mashine kumi na mbili tangu siku ya kwanza." Ukaendelea, "Mzee, kazi naitaka, na nitaifanya vizuri. Elfu sabini nitaanza nayo miezi mitatu mnipime. Nikifaulu naomba iwe tisini na tano, na naomba iandikwe kwenye mkataba."

Halafu ukanyamaza. Hakuna aliyekufundisha, Editha! Ulisimama umeshika mkonga wa simu, umetazama ukutani, husemi. Namba za kadi zinapungua, husemi. Nilishika mkoba wangu kama niko kwa Bwana Kaijage. Nilikuwa tayari kuingia nikutikise.

"Tisini," ukasema baadaye. "Na mafunzo mwaka huu huu? Sawa mzee. Nimekubali. Ahsante sana."

Nyuma yangu alikuwa amesimama mzee mmoja mwenye kofia, naye anangoja simu. Akaniuliza, "Mama, huyo binti anaongea na nani?"

"Na bosi wake."

"Bosi wake? Mbona anaongea kama yeye ndiye anayeajiri?"

Nikamwambia, "Huyo ni mwanangu, mzee. Na kazi yenyewe bado hata hajaianza."

Ni mimi mama yako, na kuanzia kesho kutwa fundi mwenzako,
Bertha Magesa